Mkunga wa Izigo na Neno la Bwana Shauri

Nimestaafu nikiwa na meno yote kinywani na mtoto mgongoni. Wanaume wa ofisi yetu hustaafu wakiwa na mvi. Hupewa kiti cha kukunja, hotuba, na picha ya pamoja mbele ya mlango. Mimi nilipewa barua isiyojaza nusu ukurasa, tena niliichapa mwenyewe kwa kuwa siku ile hapakuwa na mchapaji mwingine. Basi kama wananiita mstaafu, nami nitafanya wafanyavyo wastaafu: nitawaeleza ninyi mnaokuja nyuma kazi ilivyokuwa. Hasa wewe Leokadia, uliyekalia kiti changu kabla hakijapoa. Sikulaumu. Mguu mmoja wa kiti hicho ni mfupi. Kitilie karatasi iliyokunjwa.

Habari za mishahara sitazigusa. Mnaijua mishahara, ndiyo maana kila karani ana migomba. Vyeo sikupewa, kwa hiyo navyo tumemaliza.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa na kutafsiri katika Baraza la Serikali ya Wenyeji hapa Bukoba. Kwa asiyejua, kwetu kuna serikali mbili, moja imekaa juu ya nyingine kama sufuria juu ya sufuria. Ya juu ni Serikali Kuu, ya Mwingereza, yenye makao yake Dar es Salaam. Mtu wake huku kwetu ni Mkuu wa Wilaya, ambaye tangu enzi za wazee wetu kila anayekuja huitwa Bwana Shauri, awe mrefu au mfupi. Ya chini ni ya kwetu: Abakama, yaani watawala wetu wa jadi, pamoja na baraza lao na wajumbe wachache ambao siku hizi wanachaguliwa na watu. Kila baada ya muda ile ya juu hutangaza kwamba inaigawia ile ya chini madaraka. Mimi nilikuwa nachapa huko kugawiwa. Nimekuchapa mara nyingi. Nakijua kila kijisehemu chake, na ninawaambia: siku ya kugawa, angalieni mkono ulioshika kisu.

Nilianza kazi nikiwa nimetoka sekondari, safari ya meli na gari la moshi kwenda na kurudi, nikiwa na Kiingereza cha kutosha kumchosha kila mtu. Karani mkuu alikuwa Mzee Sudi. Baba yake alifika huku kutoka pwani na misafara ya biashara, akaoa kwetu, hakurudi tena. Mzee Sudi alizaliwa mjini hapa. Kihaya chake kilikuwa safi, Kiswahili chake cha nyumbani, na kofia yake nyeupe hata siku za matope. Alinitazama kuanzia viatu.

"Binti, unajua kuchapa?"

"Najua, Mzee. Nilikuwa wa kwanza darasani."

"Darasani. Mashine ya darasani ilikuwa na R?"

Sikuelewa mpaka nilipoketi. Mashine yetu ilikuwa inakwama kwenye R. Ukiharakisha inatoka "Seikali", inatoka "Baaza". Serikali zote mbili huwezi kuziandika bila herufi hiyo, na naapa hapo tu ndipo nilipowahi kuziona ziko sawa. Dawa yake ni kuipiga R kwa kidole cha kati, kwa hasira kidogo. Mimi sikupata shida.

Alinifundisha kaboni. Karatasi tatu, kaboni mbili. Nakala ya juu, nyeusi, safi, ya Bwana Shauri. Ya pili ya Baraza. Ya tatu ya jalada, ambayo ni ya kuwafurahisha panya. Niliuliza kwa nini Baraza halipati nakala ya juu walau kwa zamu. Mzee Sudi akasema, "Umeanza leo." Lakini baadaye nilimwona akiipitia nakala ya Baraza kwa kalamu ya wino, akikoleza maneno yaliyofifia.

Alinifundisha pia kutafsiri kwa kusimama. Bwana Shauri husema Kiingereza, wajumbe husema Kihaya, kumbukumbu za kikao huandikwa Kiswahili, nawe uko katikati yao kama jiwe la mafiga. "Usisimame upande wa Mzungu," aliniambia, "utaanza kuwaona watu wako wadogo. Usisimame upande wa Abakama, utaanza kuinama. Simama ukutani. Na usiongeze wala usipunguze. Mkalimani ni mfereji, mwanangu. Mfereji haunywi maji." Niliyashika hayo kwa muda mrefu. Ni mafundisho mazuri mpaka siku utakapokuwa na kiu.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya barabara. Barabara kuu ni ya Serikali Kuu. Njia za vijijini ni za Baraza. Daraja linapokuwa mahali njia ya kijiji inapoingia barabara kuu, ni la Mungu. Nimechapa barua juu ya daraja moja la upande wa Muleba mpaka utepe wa mashine ukachakaa. Bwana Shauri aliandika kwamba ubao wa upande ule ni wa Baraza. Baraza likajibu kwamba nguzo ni za Serikali, na ubao bila nguzo ni kuni. Wakati huo huo ubao ulikuwa unaoza bila kumwandikia mtu.

Kisha likaja shauri la fukusi wa migomba. Wataalamu wa Maruku, kwenye kituo cha utafiti, waligundua, na sikatai kwamba ni kweli, kuwa fukusi hujificha kwenye visiki vya migomba iliyokwisha kukatwa. Dawa ni kuvichimbua visiki, kuvikatakata na kuvianika. Kazi hiyo nani anaifanya kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani? Wanawake. Mwanaume wa Kihaya atakueleza vizuri sana habari za mgomba, akiwa ameketi. Watu walichukia, na Serikali Kuu ilijua watachukia. Kwa hiyo haikutoa amri yenyewe. Ililiambia Baraza litunge sheria ndogo, Abakama waitie muhuri, ili mama akimlaani mtu alaani muhuri wa kwao. Hilo lishikeni, ninyi vijana, maana hamtafundishwa: amri chungu hutiwa muhuri na wa chini, na zahanati hufunguliwa na wa juu, na bendera, na chai. Safari ile Baraza halikuitia muhuri. Lilisema litaifikiria. Sheria ikakaa mezani.

Sasa nafika Izigo.

Nilikuwa nimeolewa Izigo. Mume wangu ni mwalimu, ananifuata Nshambya, ninakokaa hapa mjini, mwisho wa juma na baiskeli yake, na ukoo wake wote uko kule kwenye migomba na kahawa. Kina mama wa Izigo walikuwa wamechoka kuzalia chini ya mgomba. Ukoo kwa ukoo walifyatua matofali, wakajitwika vichwani, Baraza likatoa mabati, kikasimama chumba cha uzazi chenye vitanda na sakafu ya saruji. Mkunga alitoka Serikali Kuu, maana wakunga wenye cheti ni wa Idara ya Tiba. Jina lake Ma Yustina. Mwanamke mnene, mkali, mwenye mikono midogo kama ya mtoto. Akikuambia usisukume, husukumi.

Kwa kuwa jengo ni la Baraza na mkunga ni wa Serikali, palikuwa na mapatano. Yalisema kwamba Serikali haitamhamisha mkunga ila baada ya kushauriana na Baraza. Mzee Sudi ndiye aliyelitia neno hilo kwa Kiswahili, kabla yangu. Kwa Kiingereza lilikuwa "consult". Naomba mnisamehe kwa kuweka Kiingereza, lakini mkono ulioshika kisu ulikuwa umejificha humo.

Siku moja Bwana Shauri alikuja kwenye kikao. Hakuketi. Alisema, nami nikatafsiri neno kwa neno: "Nimekuja kushauriana na Baraza juu ya mkunga wa Izigo. Hospitali ya hapa mjini ina upungufu. Nafikiri aletwe hapa."

Mmefahamu watu walisikia nini? Kwetu mtu akija kushauriana na ukoo, huletewa kamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa. Zinawekwa katikati kwenye kikapu kidogo. Mnasema mpaka mnakubaliana, ndipo mnatafuna pamoja. Hutafuni na mtu mliyekataana naye. Ukitafuna, umekubali. Mwenyekiti, mmoja wa Abakama, mpole asiyependa kelele, akaagiza kamwani iletwe. Ta Rwegasira, mjumbe wa kuchaguliwa kutoka Izigo, akasimama na fimbo yake.

"Waitu," alisema, ndivyo tunavyowaita wakubwa, "mkunga haondoki. Hospitali ya mjini ina daktari, ina masista, ina gari. Izigo ina Ma Yustina basi. Nimemaliza."

Wajumbe wakagonga sakafu kwa fimbo. Nikatafsiri. Bwana Shauri akainamisha kichwa kwa adabu, akasema anashukuru kwa maoni yao. Kikapu kikamfikia. Akachukua punje, akatia mdomoni, akatafuna. Uso ulimkunjamana, lakini alimeza. Watu wakashangilia. Ta Rwegasira alinipita mlangoni akicheka, "Mkamwana, umeona? Ameila! Mzungu mwenye heshima!"

Juma lililofuata lori likaja Izigo likamchukua Ma Yustina na sanduku lake.

Sikuwahi kusikia watu wakitukana kwa ufundi kama siku zile. "Ameila kahawa yetu!" Sokoni, kanisani, kwenye pombe, neno lilikuwa hilohilo. Si mkunga tu aliyewauma. Mtu alikuwa amekula kamwani kisha akageuka. Mtu wa namna hiyo kwetu huzikwa bila majirani. Nilimpelekea Bwana Shauri majalada nikamsikia akimwambia msaidizi wake, kwa mshangao wa kweli, "Lakini nilishauriana nao. Hata kile kitu kichungu nilikula." Hakuwa anasema uongo. Ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Mwongo ungemwonea huruma, anajua amekosa.

 Jioni, akifunika mashine kwa kitambaa, Mzee Sudi akasema, "Neno lile nililitia mimi. Kwa Kiswahili cha baba yangu, kushauriana ni watu wawili kuketi. Sikujua kwamba mwenzetu hushauriana amesimama."

Wifi yangu Adventina alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nataka nilieleze hili kwa kifupi, maana nikilieleza kwa kirefu nitavunja kitu. Uchungu ulimshika mchana kweupe, mtoto amekaa vibaya. Chumba cha uzazi kilikuwepo, sakafu inang'aa, kimefungwa. Wanaume wakamfunga kwenye machela wakakimbia naye hadi daraja la kuingilia barabara kuu, ng'ambo wakapata lori la kahawa. Lori halikuweza kuwafuata upande wao, maana ubao wa lile daraja ulikuwa umekatika, ule ambao nilichapia barua mpaka utepe ukaisha. Wakamvusha kwa mikono, wakipokezana mmoja mmoja juu ya nguzo za Serikali. Adventina alifika hospitalini akiwa hai. Mtoto hakufika. Aliyempokea mlangoni alikuwa Ma Yustina, na Adventina alimwambia, "Ulikuwa wapi, Ma?" Yule mwanamke mkali akakaa chini kwenye ngazi akalia mbele ya wagonjwa.

Kikao kikaitishwa. Ukumbi ulijaa, mpaka madirishani. Mimi nilisimama ukutani, mahali pangu.

Bwana Shauri alianza kwa kusema anasikitika. Halafu akasema jengo ni mali ya Baraza, na mwenye jengo ndiye mwenye jukumu la yanayotokea ndani yake.

Nilitafsiri. Ta Rwegasira hakungoja ruhusa. "Mwambieni jengo halizalishi! Tukimfungia yeye ndani na mwanamke mwenye uchungu, jengo litamsaidia?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Nilitafsiri hilo pia, lote, kama mfereji.

Bwana Shauri akawa mwekundu. Akasema, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto: "Lakini mlishauriwa." You were consulted.

Safari hii sikutafsiri. Ukumbi ukangoja. Mwenyekiti akageuka. "Amesema nini, mwanangu?"

Mzee Sudi alikuwa mbele yangu na kalamu yake. Aliinua macho, akaona, akatikisa kichwa kidogo: usifanye. Nikafanya.

"Waitu," nilisema kwa Kihaya, "amesema 'consult'. Tumekuwa tukiwatafsiria kwamba ni kushauriana, nanyi mnatoa kamwani. Sivyo. Maana yake ni hii: nitawaambia ninachotaka, nitawasikiliza kwa adabu, kisha nitafanya ninavyotaka. Haina kukubaliana ndani yake. Hata siku moja haikuwa nayo. Mlimlisha kahawa mtu ambaye hakuja kukubaliana. Kama mnataka asiweze kumhamisha mkunga bila ninyi, neno lake ni jingine. Ni 'consent'. Ni idhini. Maneno haya mawili yanaanza na herufi nne zilezile, ukiyachapa vidole havitambui tofauti mpaka umefika katikati."

 Mtu dirishani akalia kwa Kihaya, "Mawe!", yaani mama yangu.

Bwana Shauri aliniangalia. "Umesema maneno mengi kuliko mimi. Umewaambia nini?"

"Nimewaambia maana ya neno lako, Bwana." Nikamweleza yote kwa Kiingereza, sikuacha kitu. "Nimekosea?"

 Nampa haki yake, alifikiri kwanza, hakutafuta fimbo. "Hujakosea," alisema. "Lakini haikuwa kazi yako."

"Najua, Bwana."

Baada ya hapo nilidhani Baraza litanguruma. Halikunguruma. Mwenyekiti alikohoa, akasema pengine tuandike barua ya kuomba. Kuomba! Watu wamevusha maiti ya mtoto tumboni mwa mama yake juu ya nguzo, na mtawala anataka kuomba. Nilitaka kumrushia mashine, na R yake. Lakini Ta Rwegasira, ambaye hakusoma zaidi ya katekisimu lakini amekwisha kuuza ng'ombe wengi, aliuliza swali moja tu. Aliuliza, "Kuna kitu gani anachokitaka kwetu?"

Mzee Sudi, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake, akasema kana kwamba anasoma ajenda: "Kuna sheria ndogo ya visiki vya migomba. Bado haina muhuri."

Hivyo ndivyo madaraka yanavyogawanywa, wanangu. Si kwa hotuba. Siku hizi nasikia vijana mjini wakibishana kwamba Tanganyika, Kenya na Uganda ziungane ziwe shirikisho, kila nchi na lake, kubwa na la wote. Wanasema kama vile ni hesabu ya shule. Mimi nimeona shirikisho linavyotengenezwa. Kila upande una kitu ambacho mwingine anakihitaji, na mwenye akili hakitoi mpaka aone neno limeandikwa. Mwaka mzima barua zilipanda Mwanza kwa Mkuu wa Jimbo, zikapanda Dar es Salaam, zikashuka. Dar es Salaam walipendekeza "kushauriana kikamilifu". Baraza likakataa. Walipendekeza "kushauriana kwa nia njema". Ta Rwegasira akauliza kama nia njema inakata kitovu. Mwishowe, siku moja ya mvua, nikachapa mapatano mapya, na pale katikati ya neno nikapiga e badala ya u. Idhini. Nilipiga kwa kidole cha kati.

Ma Yustina akarudi Izigo na sanduku lake. Na sheria ya visiki ikatiwa muhuri. Hilo wanaume hawalisimulii wanapojisifu. Mkunga alinunuliwa kwa migongo yetu. Adventina yule yule, kabla maziwa hayajamkauka vizuri kifuani, alikuwa kibanjani akichimbua visiki kwa amri ya Baraza lililompigania. Nilimwambia Ta Rwegasira hivyo usoni. Akasema, "Mkamwana, ulitaka tutoe nini? Ndicho tulichokuwa nacho." Nikamwambia, "Hamkuwa nacho ninyi. Tulikuwa nacho sisi." Akaangalia fimbo yake. 

Mimba yangu ilipoanza kuonekana, niliendelea kuchapa. Nilisogeza kiti nyuma, nikanyoosha mikono. Kazi haikupungua hata mstari. Kisha ikatoka sauti kwamba mwanamke mwenye mtoto hawezi kukaa mbele ya Baraza. Nilikwenda kwa Bwana Shauri. Akasema yeye hana kinyongo, lakini mimi ni mtumishi wa Baraza. Nikaenda kwa Mwenyekiti. Akasema mwanangu, tunakupenda, lakini kanuni ya wanawake kazini ni ya Serikali. Nikarudi kwa Bwana Shauri. Akasema Baraza limekwisha kukubali. Nikarudi kwa Mwenyekiti. Akasema Bwana Shauri amekwisha kukubali. Serikali mbili zilizogombania ubao wa daraja hadi ukaoza, zilizogombania neno moja mwaka mzima, zilipatana juu yangu kabla ya chai ya asubuhi. Hakuna aliyeshauriana. Hakuna aliyeomba idhini. Kamwani haikuletwa.

Mzee Sudi alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba kikapu changu, jambo ambalo mwanaume wa umri wake hafanyi. "Ungelikaa mfereji," alisema, "wangelikuacha."

"Wangeniacha, Mzee?"

Alifikiri. "Hapana," akasema. "Hata hivyo wasingelikuacha."

Nilijifungulia Izigo. Ma Yustina aliniambia nisisukume, sikusukuma. Aliniambia nisukume, nikasukuma, huku nikimtukana yeye na Serikali zote mbili kwa majina. Akasema, "Tukana tu, hewa inaingia." Binti yangu alitoka amekaa vibaya, kama wa Adventina, miguu kwanza. Ile mikono midogo ilijua la kufanya. Ningekuwa nimezaa mwaka mmoja kabla, msingekuwa mnasoma haya.

Hapa wastaafu wengine huweka busara zao na kuaga. Nami nilikuwa nimefika mahali hapo. Lakini juzi Leokadia alikuja kwangu Nshambya baada ya kazi, amesimama mlangoni hataki kuingia, mikono ina wino wa kaboni.

"Dada, naomba unieleze kitu. Bwana Shauri mpya ameleta mapatano ya mkunga wa Izigo yachapwe upya. Anasema ni kusafisha lugha tu. Kuna mahali palikuwa na idhini."

"Ameweka nini?"

"'Baada ya kuliarifu Baraza.'"

Hata kushauriana hawakurudisha. Wameona pa kushukia, wakashuka ngazi mbili. Nilimuuliza Leokadia, Ta Rwegasira anasemaje. Hajui bado; nakala ya Baraza imefifia, na Mzee Sudi yuko kitandani na kifua, hakuna wa kuikoleza. Mwenyekiti ameiona na kusema haina tatizo. Sheria ya visiki imekwisha kutiwa muhuri zamani, kwa hiyo safari hii hatuna cha kuuza.

"Nifanyeje, dada?" Leokadia aliniuliza. "Nikikataa kuchapa wataniondoa."

"Ichape," nilimwambia. "Ichape kama ilivyo, usiguse herufi. Ila siku ya kikao, ukifika kwenye neno hilo, litafsiri kwa sauti, kwa Kihaya, kama lilivyo. 'Tutawapa habari.' Usilivishe nguo. Hiyo ndiyo kazi yako, hakuna atakayeweza kusema siyo."

"Na wasiposhtuka?"

Nimekwisha kutuma habari Izigo. Adventina anakuja, na kina mama waliojitwika matofali wanakuja, wanaanza safari mapema kwa miguu, maana daraja bado ni la Mungu. Benchi la wasikilizaji ni la umma, hilo nililichapa mwenyewe kwenye kanuni za kikao, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto haruhusiwi. Tutakuwa wengi, kila mwenye mtoto na wake. Tutaketi mbele kabisa, tutawanyonyesha wanyamaze Leokadia asikike vizuri, na akilisema neno lile tutawatoa kwenye titi wote kwa pamoja.